Mwenye Dirisha na Mwenye Ngazi

Katika kila shirika la umeme watumishi wamegawanyika makundi mawili ambayo, ijapokuwa yanalipwa kutoka hazina moja, aghalabu hayajuani kwa maarifa: kuna wale wakaao nyuma ya dirisha, wenye kompyuta na majalada, ambao hupokea malalamiko, huandika ankara na kutatua mambo ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kuna wale wapandao nguzo, wenye ngazi na mikanda, ambao huvuta waya, hufunga mita na kurudisha fyuzi iliyokatika usiku wa mvua. Mwenye dirisha huitaja bei ya uniti hata akiamshwa usingizini, lakini umwulizapo uniti yenyewe ni kitu gani, hutazama dari. Na mwenye ngazi hukueleza tofauti ya volti 230 na volti 400 kwa ufasaha wa mtu ambaye maisha yake yanategemea kuijua, lakini umpapo risiti na kumwomba aisome mstari kwa mstari, hukuambia nenda ofisini. Rai yangu katika sura hii ni kwamba mafunzo ya watumishi hawa, katika wilaya kama Karagwe na Kyerwa, yaanze kwa kumfundisha kila mmoja ilimu ya mwenziwe.

Nazitaja wilaya hizi mbili kwa makusudi. Mkazi wa mji mkubwa asiporidhika na jibu la dirisha moja huenda dirisha la pili. Lakini Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imetandaa milimani hadi Murongo, ambako mto Kagera ndio mpaka na Uganda, na mkulima wa Kaisho au Mabira anayeifuata ofisi huilipa bodaboda nauli ambayo ingemnunulia uniti za majuma kadhaa. Mtu wa namna hiyo hamchagui wa kumwuliza, bali humwuliza yeyote aliyevaa kofia ngumu na kushuka katika gari lenye ngazi juu yake, maana kwake yeye fundi huyo ndiye TANESCO, shirika zima la umeme, na akijibiwa kwamba mambo ya hesabu hayamhusu fundi, huondoka na yakini kwamba kuna jambo anafichwa.

Tena wananchi hawa si wepesi wa kuamini kipimo cha mtu. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa pwani waliweka kituo chao Kafuro, katika himaya ya Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, wakapima pembe kwa frasila na nguo kwa mikono. Na tangu kahawa iwe zao la biashara, vizazi vya wakulima vimesimama mbele ya mizani ya chama cha msingi, macho yameikodolea sindano, kila mmoja akijua fika kilo ngapi alizipakia nyumbani. Mizani ya kahawa walau huonekana. Mita ya umeme hupima kitu kisichoonekana, kisichonusika na kisichoshikika isipokuwa kwa hatari, na juu ya hayo fedha hutolewa kabla ya bidhaa. Asiyelitambua jambo hili hataelewa kwa nini neno la karani juu ya uniti mbili tatu huweza kuzusha ugomvi ambao bei ya sukari haiuzushi.

Umeme wa kwanza wa nchi hii uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, zama za Wadachi. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya miji mingine ya Tanganyika, na mwaka 1964 serikali ikazinunua hisa za kampuni hizo. Milima ya Karagwe haikuonja chochote katika hayo. Jambo la ajabu, na ambalo wengi hulisahau, ni kwamba mafunzo ya umeme yalitangulia huku kuliko nguzo nyingi: mwaka 1993 shirika la KARADEA lilianzisha chuo cha mafundi wa umeme wa jua papa hapa Karagwe, na waliopita pale walijifunza ilimu ambayo hata leo watumishi wengi wa dirishani hawana. Mwenye betri ya volti 12 hufundishwa hesabu na betri yenyewe, kwani akiziacha taa na redio zikala usiku kucha, alfajiri hana cha kuwasha, wala hana wa kumlalamikia. Hujua kwa uzoefu kwamba wati ni kasi ya kula, na kwamba kilicholiwa ni kasi hiyo ikizidishwa kwa saa. Gridi ilipokuja ilileta neema kubwa, walakini iliiondoa dhana hiyo vichwani, kwa kuwa umeme wa nguzo huonekana kana kwamba hauna mwisho mpaka fedha iishe.

Na gridi yenyewe haikutoka kusini, kama ambavyo mtu angedhani. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya taifa, bali ulinunua umeme wa Uganda uliopita Masaka na kuingia kituo cha Kyaka, kisha ukapandishwa Karagwe kwa laini ya kilovolti 33. Ningependa kila karani mpya alijue hilo siku yake ya kwanza, apate kufahamu kwamba mwajiri wake naye ni mteja, anasomewa mita mpakani na kuletewa ankara. Siku hizi upo mtambo wa Rusumo, wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa, na upo ule wa Kikagati mkabala wa Murongo, wa megawati 14, ulioko baina ya Tanzania na Uganda. Maji ya mto mmoja yanagawanywa kwa mita mataifa yasigombane. Sembuse wapangaji wa nyumba moja ya Omurushaka, ambao habari zao zinakuja.

Sasa tuingie darasani. Walimu wengi huanza na mfano wa maji ya bomba, kwamba volti ni msukumo na ampea ni wingi wa maji yapitayo. Mfano huo ni sahihi, nami sina ugomvi nao, ila unamsaidia yule aliyekulia penye bomba, na haufiki kwenye uniti, ambayo ndiyo iuzwayo. Katika vijiji vingi vya huku nyumba ziko mgongoni mwa kilima na chemchemi iko bondeni. Kwa hiyo mimi ningemwambia mwanafunzi achukue dumu la lita 20, alipandishe kilima cha kimo cha meta mia moja, na aikokotoe kazi aliyoifanya juu ya dumu lile. Kilo 20 kwa meta 100 ni jouli 19,620. Uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja, ni jouli 3,600,000. Akigawa atapata 183: uniti moja ina kazi ya kulipandisha dumu lile mlimani mara 183, na mteja mdogo huinunua kwa shilingi 122 pamoja na kodi zake. Darasa likikaa kimya kidogo baada ya hesabu hiyo, mwalimu asilivunje kimya upesi. Hapo ndipo mtu anapong'amua kwamba anauza kitu chenye thamani, na kwamba pasi ya wati 1,000 inayoachwa mezani ikiwaka huku mwenyewe anapiga soga mlangoni si jambo dogo.

Baada ya hapo watoke nje, waende kwenye mita. Mojawapo ya vipimo vya kwanza vilivyofaa kwa umeme huu wa mkondo geu, kile cha kisahani kinachozunguka, kilibuniwa Budapest na Ottó Bláthy mwaka 1889, nacho kilikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba mteja alikiona kikizunguka. Mita za LUKU hazina kisahani, lakini zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa ni mipepeso mingapi hufanya uniti moja. Nyingi huandikwa 1,000. Mwalimu azime vyote, awashe birika la wati 2,000 peke yake, awape wanafunzi saa wahesabu: taa itapepesa mara moja kila sekunde 1.8. Alizime birika, awashe pasi, nayo itakuwa kila sekunde 3.6. Aizime pasi, ibaki taa moja ya wati 9, na darasa litangoja dakika sita na sekunde 40 kati ya mpepeso na mpepeso, mpaka wengine waseme mita imekufa. Kisha azime kila kitu. Ikiwa taa bado inapepesa, kuna kitu kinakula gizani, ama friji iliyosahauliwa chumba cha pili, ama waya uliochubuka unaovujisha umeme ukutani, ama jirani. Jaribio hili halina gharama yoyote, na karani aliyelifanya kwa mkono wake mara moja tu hatamwambia tena mteja, bila ushahidi, kwamba mita haikosei. Atamwambia nenda kazime vyote, itazame taa, kisha urudi unieleze. Na pale ambapo mita imewekwa juu ya nguzo na ndani ya nyumba mna kidude cha kubonyezea tu, macho hayo ni ya mwenye ngazi, naye lazima ajue anatazama nini na kwa sababu gani.

Liko lalamiko moja ambalo huku husikika zaidi ya mengine, nalo ni kwamba umeme wenyewe mdogo na bado unakula uniti. Karani asiyejua fizikia hulikanusha, na fundi asiyejua hesabu huitikia kwa kichwa. Wote wawili humdhulumu mteja. Laini inayotoka Kyaka hadi vijiji vya ndani vya Kyerwa ni ndefu mno, waya wa kijijini huwa mwembamba, transfoma huwa ndogo, na upotevu katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha ampea. Kwa hiyo jioni, watu wote wawashapo, nyumba ya mwisho huweza kupata volti 180 badala ya 230. Birika lile la wati 2,000 litafanya kazi kwa wati 1,225 hivi, na maji yatachelewa kuchemka. Mita nayo itakwenda polepole kwa kadiri ile ile, hivyo uniti zilizotumika kuchemsha lita moja zitakuwa takriban zile zile, zikizidi kidogo tu kwa joto lililopotea wakati wa kungoja. Kwa birika, basi, mteja hakuibiwa uniti bali wakati. Kwa mota ni kinyume: pampu, friji au mashine ya kusaga, inapopungukiwa volti, hujaribu kufidia kwa kuvuta ampea zaidi, ikapata moto na mwisho kuunguza nyaya zake, na hasara hiyo haionekani katika risiti yoyote. Jibu la insafu ni kumwambia mteja mambo yote mawili, na kuliandika lalamiko lake kuwa ni hitilafu ya laini badala ya kulitupa kapuni kuwa ni mgogoro wa malipo.

Nimefika kwenye risiti, na hapa nitakaa.

Tuseme mama mmoja wa Nkwenda amenunua umeme wa shilingi 5,000 tarehe 20 ya mwezi akapata uniti 40.98, na tarehe 3 ya mwezi unaofuata amenunua tena wa 5,000 akapata 28.69. Anakuja dirishani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hela ni ile ile, mita ni ile ile. Uniti kumi na mbili kala nani?”

Jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba ni mfumo, mama. Sijui jibu lililoharibu sifa ya mashirika yetu kuliko hilo, kwa kuwa mfumo hauapishwi wala hausimamishwi mbele ya baraza, na mwenye kuambiwa hivyo huelewa kwamba karani naye hajui. Ilhali tafsili yake ni nyepesi kabisa. Manunuzi ya kwanza ya kila mwezi hukatwa kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, ikiwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo si ya TANESCO. Shirika ni mkusanyaji tu. Zimebaki 3,500. Katika hizo bei halisi ya umeme ni 2,868.85, juu yake kuna asilimia 18 ya ongezeko la thamani, yaani 516.39, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, 86.07, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, 28.69. Jumlisha, utapata 3,500 kamili. Kwa bei ya shilingi 100 kwa uniti, aliyowekewa mteja mdogo katika agizo la EWURA la mwaka 2016, zile 2,868.85 ni uniti 28.69. Na shilingi 1,500 zilizokatwa, ukizigawa kwa 122, ni uniti 12.3, ndizo zile mama alizoziulizia. Karani aziandike kwa kalamu juu ya karatasi, ampe mama aende nayo. Tena amwambie kwamba asiponunua mwezi mzima kodi ya mwezi huo haifutiki bali humngoja, na kwamba ile asilimia 3 ya Wakala ndiyo mojawapo ya mafungu yaliyomletea yeye nguzo, akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Mama huenda asifurahi. Lakini atakuwa amekasirikia kodi, jambo ambalo ni haki ya kila raia, badala ya kumkasirikia karani.

Wapangaji ni mlango mwingine wa fitina. Ile bei ya shilingi 100 imekusudiwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti ipitayo hapo huhesabiwa kwa shilingi 350, na mwenye kuzidisha mfululizo huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi. Sasa ichukue nyumba ya vyumba sita ya Kayanga au Omurushaka, mita moja, kila chumba kina taa, simu na redio, na kila kimoja kinakula uniti 15 tu, matumizi ya mtu maskini kwa kila hali. Jumla ni 90. Kwa bei ya mteja mdogo zingegharimu shilingi 15,555, nazo zile 15 za mwisho ndizo zilizobeba zaidi ya theluthi ya gharama. Wakihamishwa, uniti hizo hizo 90 huwa shilingi 32,062, na mara hiyo huanza mashitaka ya nani ana friji na nani hupasha maji ya kuoga kwa hita ya kamba. Hakuna mwizi katika nyumba ile. Ni sheria ya bei iliyotungwa kwa kumwazia mtu mmoja mwenye mita yake, ikawakuta sita wenye mita ya mwenye nyumba. Na kwa maoni yangu kasoro hiyo ni ya bei na si ya wapangaji, japokuwa karani hana mamlaka ya kuitengua. Alilo nalo ni kuwaonyesha hesabu, na kumweleza mwenye nyumba faida ya kuomba mita za ziada. Kodi ya jengo nayo, ambayo kwa asili ni ya mwenye nyumba, hulipwa na yule anunuaye umeme, na mpangaji ajue kwamba ana haki ya kuidai katika kodi ya pango.

Mwaka 2024 ulitoa somo ambalo halikupangwa na mwalimu yeyote. Wateja walipewa, badala ya tarakimu 20 walizozoea, makundi matatu ya tarakimu 20, wakaambiwa wayaingize kwa utaratibu kabla ya tarehe 24 Novemba, ama mita zao zisingepokea umeme tena. Vijijini ilivuma kwamba mita zinaongezwa kasi. Sababu ya kweli inasimuliwa kwa dakika tano: mita hizi hutumia kanuni moja ya kimataifa iliyozaliwa Afrika Kusini, na kila tokeni hupigwa muhuri wa wakati, ambao ni idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni moja isiweze kutumika mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa idadi hiyo haiwezi kupita dakika 16,777,216, nazo huisha karibu na mwaka wa thelathini na mbili. Makundi mawili ya kwanza yaliiweka mita katika hesabu mpya, la tatu ndilo lililokuwa na uniti. Watumishi walioelezwa hivyo waliwaeleza wengine. Wasioelezwa waliacha pengo, na penye pengo huingia kishoka, yule fundi asiye na kibali, akidai ujira kwa kubonyeza tarakimu ambazo mteja alipewa bure.

Hadi hapa nimemsema zaidi mwenye dirisha. Mwenye ngazi naye ana deni lake, na deni kubwa liko kwa wateja wakubwa. Mwenye mashine ya kukoboa kahawa, ambaye msimu ukichanganya hupindukia uniti 7,500 kwa mwezi, hupimwa mara mbili: uniti alizotumia, kwa shilingi 195 kila moja, na kilele cha mahitaji yake katika mwezi, kwa shilingi 15,004 kila kilovolti-ampea, mbali na kodi. Mota zake hudai ampea nyingine ambazo hazifanyi kazi yoyote, huenda na kurudi tu katika waya, lakini waya na transfoma huzibeba na ankara huzihesabu. Kiwanda cha kilowati 45 chenye kipeo cha nguvu, yaani uwiano wa kilowati kwa kilovolti-ampea, cha 0.75 hulipia kilovolti-ampea 60. Kikifungiwa kapasita, vifaa vya kupunguza ampea hizo katika waya, kipeo kikapanda hadi 0.95, hulipia 47.4, na tofauti ni takriban shilingi 189,000 kila mwezi wa msimu. Karani aonaye tarakimu hizo hajui kapasita ni nini. Fundi aijuaye kapasita hajawahi kuonyeshwa ankara. Kwa hiyo katika mafunzo ninayoyafikiria, siku ya mwisho haiwi ya mtihani wa kuandika. Karani na fundi hupelekwa pamoja kiwandani, karani akibeba kipimo cha ampea na fundi akibeba ankara ya mwezi uliopita, na hawaruhusiwi kuondoka hadi mwenye kiwanda aelewe kwa nini analipia 60.